Kikombe Chenye Harufu ya Zizi

"Kile kikombe cha Aubin kinanuka mavi," jirani yangu Odile aliniambia juu ya ukuta wa bustani, huku akichuma maharage yake kana kwamba ananipa habari za mvua. "Mavi ya ng'ombe wa mama yake. Na alipanga mwenyewe, nakwambia, mwanangu. Mwanamume hawi wa pili miaka ishirini, halafu akaamka Jumapili moja akawa wa kwanza hivihivi."

Nilikuwa naanika nepi za mwanangu Zélie. Nikamwuliza hayo ameyasikia wapi.

"Yanasemwa."

"Na nani?"

"Na watu, Coralie. Watu wana midomo."

Watu wenyewe ni yeye. Odile akiwa na neno halisemi kama lake. Hulitoa mlangoni kwa jina la watu, kisha hukaa ndani akisubiri limrudie likiwa limenenepa. Nami nilijua kwa nini hili alitaka lisafiri upesi. Mumewe, Gilbert, ndiye aliyekuwa msimamizi wa njia pale kwenye kona siku ya mbio za magari, bendera mkono huu, fagio mkono ule. Kama Aubin ndiye aliyepanga, basi Gilbert ni mtu aliyetumwa tu. Nilibana nepi ya mwisho nikaingia ndani kunawa mikono, ingawa nilikuwa nimeshika nguo safi.

Aubin Jeannerod nimemjua tangu niolewe hapa kijijini Vaubelin. Mengi ya maisha yake nimeyasikia kwa mama yake, Huguette, ninapokwenda kuchukua maziwa jioni, maana Huguette hupenda kusimulia akiwa amempa mtu mgongo, kichwa chake kimeegemea ubavu wa ng'ombe.

Alikuwa mtoto wa pekee. Padri wa zamani alipofariki, aliacha kigari chake kibovu kisicho na milango, na baba yake Aubin akakichukua kwa gunia la viazi. Mtoto akawa anakizungusha malishoni kila jioni, na Huguette anasimama mlangoni na ile saa ya kuchemshia mayai, anampimia. "Mara ya kwanza alizunguka yai likaiva kabisa," huniambia. "Mwisho wa kiangazi lilikuwa bado la majimaji."

Alipofikisha umri walimpeleka kusini, kwenye shule ya madereva wa mbio. Alikaa msimu mmoja. Wenzake walikuwa na baba wenye majina yaliyoandikwa juu ya viwanda. Yeye baba yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa wa aina ya Montbéliard na deni la trekta. Mwalimu alimwambia ana mikono mizuri, lakini mikono peke yake haifiki mbali. Akarudi nyumbani, akaajiriwa na ushirika wa jibini kuendesha lori la kukusanya maziwa. Siku za kazi lori, Jumapili za kiangazi mbio za kupanda mlima, gari moja moja likishindana na saa. Gari lake la mbio ni la mtumba, la kiti kimoja, liko chini kama sinia, na injini yake ni mitamba wa Huguette waliouzwa mmoja baada ya mwingine.

Ubavuni mwa gari kuna majina ya waliomsaidia: ushirika wa jibini, kiwanda cha mbao cha Pagnier anakofanya kazi mume wangu Ludovic, na duka moja la majeneza. Watu walimcheka kwa hilo la majeneza. "Hao ndio wasionilalamikia nikichelewa," akajibu. Bwana Pagnier alitaka gari lipakwe kijani, rangi ya malori yake. Aubin akakataa katakata, kwa sababu madereva wa huku hawapandi gari la kijani, kama vile mtu hajilazi kaburini kujaribu urefu. Wakaafikiana njano.

Mkewe, Bérengère, alimwacha. Hakumwacha kwa sababu ya Jumapili, alisema, bali kwa sababu ya Jumatatu. Jumatatu Aubin alikuwa anakaa mezani mbele ya supu, mikono imeinuliwa, anazipita kona zote upya bila gari, na supu inapoa.

Na kila mara wa pili. Wa pili hapa, wa pili mlima wa pili, wa pili katika hesabu ya mwaka mzima. Kijijini walimwita Bwana Pili, na hawakumwita kwa ubaya. Huku mshindi hupigiwa makofi, lakini wa pili ndiye anayenunuliwa kinywaji. Aubin alikuwa wa kwanza kumpa mshindi mkono, na alimtazama usoni. Nilikuwa napenda kumwangalia wakati huo. Mtu anayeshindwa vizuri ni kama chumba kilichofagiliwa.

Sasa nieleze Jumapili yenyewe, niliyoiona kwa macho yangu.

Nyumba yetu iko juu ya kona ambayo watu huiita kona ya lango, kwa sababu lango la malisho ya Huguette liko papo hapo, na zizi liko ng'ambo ya barabara. Mbio zinapokuja, tunakaa ndani siku mbili kama kuku. Tangu Jumamosi watazamaji wanajaa ukingoni. Wanakojoa kwenye ukuta wangu wa jikoni, mmoja baada ya mwingine, wanapiga gumzo huku wanakojoa. Wanatupa soseji zilizoumwa nusu kwenye kitalu changu cha saladi. Moshi wa mpira ulioungua unaingia hadi kwenye kitanda cha mtoto. Ludovic hupenda siku hizo. Mimi huziba pua na kuhesabu magari yaliyobaki.

Asubuhi hiyo mlango uligongwa. Msichana alisimama pale na nguo za mbio zimefunguliwa hadi kiunoni, nywele zimefungwa kwa uzi wa kiatu.

"Samahani, dada. Naweza kuomba choo chako? Kile cha plastiki kule chini… nimefungua mlango nikafunga."

"Umefanya vizuri kufunga," nikamwambia. "Mwaka jana mtu alitapika kwenye kitasa."

Akacheka. Alikuwa Maëlle Courvoisier, binti wa fundi baiskeli kutoka upande wa Pontarlier. Mwaka huo alikuwa anamkaribia Aubin kwa pointi, na mbio za Vaubelin zilikuwa za mwisho. Atakayeshinda hapa kati yao ndiye bingwa wa mkoa. Alipotoka chooni nilikuta ameipangusa sinki na kukunja taulo. Alimshika Zélie kidole cha mguu, akamwuliza, "Na wewe utaendesha nini, bibi mdogo?" Kisha akaenda zake kwenye mbio. Kitu kidogo kama kukunja taulo, lakini siku hiyo kila aliyepita kwangu alikuwa ameacha uchafu, na yeye peke yake aliacha usafi.

Kupanda kwa kwanza Aubin alikuwa mbele kwa unywele. Kupanda kwa pili Maëlle akampita, tena akampita vizuri. Ikabaki kupanda kwa tatu. Aubin alipanda kabla yake. Nilikuwa dirishani namnyonyesha Zélie, nikaona ile njano ikipita kama kofi. Kati ya Aubin na Maëlle kulikuwa na mzee mmoja kutoka mji wa Dole, na gari la mzee likazima karibu na kileleni. Ikabidi mbio zisimame, avutwe kwa kamba. Maëlle akabaki chini kwenye mstari, anasubiri, injini inanguruma.

Hapo ndipo Huguette alipotoka zizini.

Mapatano ya kila mwaka ni yaleyale: ng'ombe wanavuka kwenda kukamuliwa baada ya magari yote kupanda na kushuka. Hakuna anayeweza kumzuia kabisa, maana maziwa ya jibini la huku lazima yakamuliwe asubuhi na jioni, ukiruka hata mara moja ushirika unakukataa. Lakini saa ilikuwa bado. Huguette alivuka barabara, akatazama chini, akatazama juu, akafungua lango. Akawatoa. Na hakuwapitisha. Aliwasimamisha pale pale katikati ya kona, mahali ambapo magari hukata ndani, akasimama mbele yao na fimbo yake imelala begani, kama mtu anayesubiri basi. Ng'ombe waliotoka kula majani mabichi ya Septemba, ukiwasimamisha, wanafanya nini? Wanafanya walichofanya. Nilisikia mpaka dirishani, pwaa, pwaa, kama mtu anamwaga uji.

Kisha akasema "Haya!" na wakaingia zizini.

Gilbert alikuja na fagio. Nimefagia maisha yangu yote, najua mtu anayefagia na mtu anayepapasa. Alipitisha fagio mara mbili juu ya ule uji, akautandaza tu, ukawa mwembamba na mpana, unang'aa. Pembeni palikuwa na ndoo mbili za maji kwa kazi hiyohiyo. Hakuzigusa. Akatazama zizini. Huguette alikuwa amesimama mlangoni, anajipangusa mikono kwenye aproni. Gilbert akainua redio yake, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Kona ya lango, njia safi."

Nilidhani ataongeza maji. Nilidhani kuna mwingine anakuja. Mtu akiwa dirishani na mtoto kifuani hudhani wa nje wanajua kazi yao. Halafu nikasikia gari.

Sitaeleza lilivyougonga mti. Nilishuka ngazi Zélie akiwa bado kifuani, nikafika kabla ya wenye machela, kwa kuwa ni hatua chache tu. Maëlle alikuwa macho. Nguo zake zilikuwa zimeloa mavi ya ng'ombe upande mzima, hata ndani ya shingo, na alikuwa ananiomba msamaha. "Nimekanyaga breki vibaya," alikuwa anasema. "Nimekanyaga mapema. Samahani." Nilimpangusa mdomo kwa nepi iliyokuwa begani mwangu. Nyuma yangu mtazamaji mmoja alisema, "Phuu, ananuka!" na mwenzake akacheka.

Ambulensi ilipoondoka walifanya desturi yao. Katika mbio za mlima, mwisho wa siku, magari yote hushuka polepole kwa msururu, madereva wametoa mikono nje, na wasimamizi wa njia wanasimama ukingoni wakipeperusha bendera zote, wanagusana viganja kwa shukrani. Aubin alikuwa mbele. Alipofika pale alisimamisha gari karibu kabisa, akautazama mti, akaitazama barabara. Uso wake ulikuwa wa kijivu ndani ya kofia. Lakini mkono ulikuwa umeshatoka, na Gilbert akaukamata kwa mikono yake miwili, akautikisa. "Bingwa!" akapiga kelele. "Bingwa, mtoto wangu!"

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani Odile aliponiambia, siku mbili baadaye, kwamba Aubin alipanga. Aubin alikuwa kileleni. Hakuona lango likifunguliwa.

Nilimwambia Ludovic. Alikuwa anakula, akaweka uma chini.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi ishie hapo, mpenzi. Jina la Pagnier liko kwenye lile gari. Amenunua mvinyo wa sherehe kwa pesa yake. Na ng'ombe ni ng'ombe."

"Ng'ombe hawafungui lango, Ludo."

Akaokota uma. Alikula kwa haraka, jibini la kuyeyuka linamnyooka toka kwenye viazi hadi kidevuni, nami kwa mara ya kwanza harufu ya jibini, niliyoizoea miaka yote, ilinifanya nifungue dirisha.

Ijumaa jioni meya aliita kijiji kizima ukumbini kumpongeza Aubin. Kikombe kilikuwa mezani, kimefutwa kikang'aa. Nilikwenda kwa sababu usipokwenda unaulizwa. Palikuwa na mvinyo wa povu na soseji za moshi, na kila mtu alimbusu Aubin mashavuni, watu hamsini, mashavu yaleyale mawili, mpaka yakawa yanang'aa kwa mafuta ya midomo. Yeye alikuwa ameuliza mara mbili kama kuna aliyepata habari za Maëlle. "Anaendelea," meya akasema, jibu la mtu asiyejua. Mimi nilikuwa nimepiga simu hospitalini Besançon. Nyonga yake ilikuwa imefungwa kwa vyuma.

Meya alipomaliza hotuba, vijana wa timu ya mpira walileta sahani iliyofunikwa. "Zawadi kwa bingwa!" Wakafunua. Ilikuwa donge la mavi ya ng'ombe, kavu, limefungwa utepe wa rangi ya bendera ya taifa, na kimshumaa kimechomekwa katikati.

Ukumbi ulipasuka. Niliwaona wote ninaowajua. Mwalimu wa shule alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Muuza mikate, anayempa Zélie kichwa cha mkate kila asubuhi, alikuwa amejishika tumbo. Bwana Pagnier alikuwa anapiga meza. Hakukuwa na aliyekuwa hajui! Wote walijua, walikuwa wamejua tangu Jumapili, na ilikuwa tamu kwao. Huguette peke yake hakucheka. Alikaa wima na mkoba magotini, anamtazama mwanawe kama anavyotazama ndoo ikijaa.

"Mzee, ukumbuke," Gilbert akasema, amelewa, anainua glasi, "bila fagio langu ungekuwa wa pili mpaka kaburini!"

"Fagio lipi?" Aubin akauliza.

"Ah, fagio lipi, anauliza! Sikilizeni! Hili hili, lililokataa kugusa maji!"

Akaweka ngumi begani, kuonyesha Huguette alivyoshika fimbo mbele ya ng'ombe, nao wakacheka tena. Aubin aliangalia kiganja chake, kile alichompa Gilbert Jumapili, akakipangusa kwenye suruali, polepole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akatoka. Nilikuwa karibu na mlango kwa ajili ya hewa ya mtoto. Nilimwona ameinama kwenye hodhi la maji mbele ya kanisa, anatapika, na baadaye anaosha hodhi kwa mikono, maji kwa maji, ili asiache kitu.

"Bingwa wetu hajazoea kunywa akiwa wa kwanza!" meya akapaza sauti ndani, na kicheko kikaanza upya.

Kesho yake jioni nilikwenda na chombo changu cha maziwa kama siku zote. Nilikuta mama na mwana wako zizini. Nikasimama chumba cha maziwa. Sikuficha viatu vyangu; Huguette aliniona na hakubadili sauti.

"Nani alikwambia ufungue lango?" Aubin alikuwa anauliza.

"Ng'ombe."

"Mama. Nakuuliza mimi."

"Nami nakujibu. Walikuwa wanalia."

"Saa yao ilikuwa bado."

"Maziwa hayasomi saa."

"Ukawasimamisha katikati ya barabara. Gilbert alikuwa anasimulia jana, alikuwa anaonyesha na jinsi ulivyoshika fimbo! Mama, yule mtoto ana vyuma nyongani."

Huguette akahamisha kigoda kwa ng'ombe mwingine. "Ana umri gani? Ishirini na mbili? Atashinda mara kumi. Wewe ulikuwa umebakiwa na mara ngapi? Kila mwaka mgongo unakuuma, kila mwaka gari linazeeka. Nimeuza mitamba. Nimeuza Duchesse, nimeuza Fauvette, nimeuza na yule aliyekuwa hajapewa jina. Baba yako alipokuwa anakata roho, Jumapili moja ya mbio, aliniuliza, 'Aubin amekuwa wa ngapi?' Nikamwambia wa kwanza. Nilimdanganya mtu anayekufa. Sasa si uongo tena."

"Sasa ndiyo uongo," Aubin akasema. "Zamani nilikuwa wa pili kweli."

"Kweli! Kweli inakamuliwa?"

"Nilikuwa na kitu kimoja tu, Mama. Nikipita kijiji chochote na lori, mtu ananiambia, Aubin, Jumapili ulijitahidi. Na ni kweli nilijitahidi. Kilikuwa changu. Umekitia mavini."

Nilidhani mama atalia. Hakulia. Alinyanyuka na ndoo, akaja nilipo, akanijazia chombo, mkono wake umetulia kabisa, hata tone halikumwagika. "Mtoto anaota meno?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Mpe ganda la mkate," akasema, "kavu."

Maziwa yale yalikuwa ya moto, yana povu, hayana kosa lolote. Nilifika nayo nyumbani nikayamwaga. Nilimlaumu nani? Ng'ombe? Mwanamke aliyenipa supu wiki nzima nilipojifungua? Sikujua. Nilijua tu kwamba siwezi kuyameza, na kwamba nilikuwa nanusa mikono yangu kila baada ya muda kidogo.

Siku zilizofuata Odile aliendelea kulisha neno lake. Sasa lilikuwa na miguu mitatu: Aubin alimpa Gilbert kreti ya mvinyo, Aubin alimwonyesha mama yake mahali pa kusimamisha ng'ombe, Aubin alifanya hivyohivyo mlima mwingine. Ajabu ni kwamba hawakumchukia kwa hayo. Walimpenda zaidi. Wanaume waliokuwa wanamnunulia kinywaji kwa huruma sasa walimkonyeza. "Mjanja!" walimwambia dirishani mwa lori. "Kumbe una akili, Bwana Pili!" Niliona anavyofunga kioo. Mtu akikutukana unaweza kumjibu; lakini anayekusifu kwa uchafu usioufanya, utamjibu nini?

Jumatatu ya wiki iliyofuata Aubin alikuja kwangu. Nilimsikia kwenye ngazi, nikajua ni yeye kwa sababu alisimama kila baada ya vidato vichache. Aliingia na kofia mkononi, akakataa kiti.

"Nimelala ndani ya lori," akasema. "Nanuka maziwa yaliyochacha."

"Kaa, Aubin. Nina mtoto mchanga. Hapa kila kitu kinanuka maziwa yaliyochacha."

Akatabasamu kidogo, lakini hakukaa. Zélie alikuwa sakafuni anatafuna ganda la mkate. Aubin akawa anamtazama mtoto huku akizungumza.

Alikuwa amekwenda Besançon kwa waamuzi, kurudisha kikombe. Walimpokea vizuri, wakampa kahawa. Wakamwambia kikombe hakirudishwi kama kiatu kisichotosha. Msimamizi wa njia alisema njia ni safi, wenzake wa kona ile wamesema alifagia, dereva mwenyewe amesema alikosea breki. Aubin alikuwa kileleni, hakuona kitu. Na mama yake akiulizwa atasema ng'ombe. Wakasema watafungua shauri akija mtu aliyeona kwa macho, na kwamba kikao cha mwisho cha msimu ni Alhamisi. Baada ya hapo majina yanaandikwa na mwaka unafungwa.

"Nikatoka hapo nikaenda kumwona Maëlle," akasema. "Nilifikiri atanitemea. Ningeshukuru. Unajua amefanya nini? Amenipongeza! Amelala pale na vyuma vyake, ananiambia, 'Ulistahili, nilikuwa na papara.' Anasema mtu asiyeweza kukanyaga breki kwenye kona aliyoipita mara mbili siku hiyohiyo hafai. Ameshamwambia baba yake auze gari."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia. Anadhani namfariji." Alizungusha kofia. "Akaniambia, kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto. Alitoka nyumba ya juu ya kona, alinipangusa mdomo. Msalimie."

Nilimwokota Zélie, sikuwa na sababu ya kumwokota. Kupitia dirishani nilikuwa naona lango, na lami ya kona, na gome la mti lililochubuka. Ng'ambo ya ukuta Odile alikuwa anaita paka wake. Nilimfikiria Ludovic na kiwanda cha Pagnier, na muuza mikate, na Huguette na kigoda chake.

"Coralie," Aubin akasema. "Sikuombi unitetee. Wakitaka kusema nilipanga, waseme, hata wakininyang'anya leseni sawa. Ila Alhamisi nitapita na gari asubuhi, nitalisafisha, nitaweka kiti cha mtoto. Njoo uwaambie ulichokiona dirishani, chote, na ndoo za maji ambazo hazikuguswa. Na ukifika kwenye sehemu ya mama yangu usiseme mwanamke fulani, usiseme mwenye ng'ombe. Mtaje. Sema Huguette Jeannerod."